Mshenga Asiyekunywa Maji Safarini

Hata jua liwake namna gani, Mshenga alikuwa ndani ya koti lake refu la kijivu, vifungo vimefungwa mpaka chini. Watoto walimwita Mzee Koti, lakini kwa mbali. Wakubwa walisema lile ni koti la kazi, kama joho la mchungaji, kwa sababu mtu anayekwenda kuomba mabinti wa watu lazima avae kitu cha kumtofautisha na anayekwenda kuuza ndizi. Yeye hakukubali wala hakukataa. Aliwaacha watu wajijibu wenyewe. Hiyo ilikuwa kazi yake, kujua lini aseme na lini aache wengine waseme.

Mimi nilijua koti lile linaficha nini. Naendesha bodaboda, kijiwe changu kiko Kijenge, na nilikuwa nampakia. Aliniambia nisiseme, sikusema. Waliokuja kujua baadaye ndio waliosema, tena vibaya, na ndiyo maana naandika.

Kwetu ni juu, upande wa Meru, kwenye kahawa na migomba. Huko ni shida kupata ndoa ambayo Mshenga hakuisemea. Mama yangu aliombwa na yeye. Mke wa Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yangu, aliombwa na yeye pia, na ile ilikuwa ngumu, maana watu wa upande wa pili walisema Baba Mkubwa ana majivuno. Mshenga akawajibu, "Ni kweli anayo. Mpeni binti yenu, angalau awe na sababu." Wakacheka, wakatoa. Nalitaja hili mapema kwa sababu Baba Mkubwa mwenyewe alikuja kulisahau.

Washenga wengine wakifika kwa watu huanza kuzunguka. Tumepotelewa na mtamba, nyayo zimeingia kwenu, tunaomba mtuonyeshe zizi. Mshenga hakupenda hayo. Alikaa, akavua kofia, akasema, "Hatujapotelewa na kitu. Ng'ombe wetu wako nyumbani wanakula. Tumekuja kuomba binti." Watu walishtuka, halafu wakampenda. Alisema ukweli kwenye jambo ambalo kila mtu huliremba.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kulisema hata kwa mafumbo. Mtu huyu aliweza kuomba binti wa mtu asiyemjua, hakuweza kuomba choo.

Tezi dume ilimwanza zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mkojo ulikuwa unamwita kila mara, na akienda hautoki wote. Nyumbani si tatizo, migomba ni mingi. Tatizo ni safari, na kazi yake ilikuwa safari. Basi akatafuta njia. Gari likitembea kidogo, atamgusa dereva begani, "Simama hapo nimsalimie mtu." Anashuka, anaingia kwenye nyumba yoyote iliyo karibu na barabara, anawapa watu mkono, anauliza habari za mifugo, halafu anasema, "Ngoja nikaone migomba yenu huko nyuma, naona imestawi." Akirudi ameshamaliza haja yake. Gari likitembea tena kidogo, "Simama hapo nimsalimie mtu."

Watu walisema hakuna mzee mwenye marafiki kama yule, kila kona ana mtu. Na kwa kweli mwishowe akawa nao. Huwezi kusalimia nyumba miaka yote hiyo usijue wanawe wamefikia wapi. Aliwahi kuniambia, akicheka mpaka akakohoa, "Posa zangu nyingi nilizipata nikitafuta pa kukojoa." Alijua nyumba ipi ina binti mwenye adabu, nyumba ipi baba anapiga watu. Lakini hakuna hata moja ambako alisema, jamani, naomba choo.

Njia yake ya pili ilikuwa kutokunywa. Akiwa na safari kesho, leo tangu mchana hagusi maji. Supu hataki, chai hataki, anakula ugali mkavu na nyama ya kuchoma. Midomo ilikuwa inampasuka. Ukimpa maji njiani alisema, "Mshenga hanywi maji safarini, maneno yanalowa." Watu walilichukua kama neno la hekima. Kuna vijana kwetu mpaka leo wanalirudia bila kujua lilitoka kwenye kibofu.

Siku moja ya masika alirudi kutoka Monduli, alikokwenda kusema kwa niaba ya watu wengine. Tangu asubuhi mkojo ulikuwa umegoma kutoka kabisa. Alikaa ndani ya gari njia nzima, jasho linamtoka na baridi ile, akiwachekesha wenzake. Alipofika kwake alishika nguzo ya mlango, akaketi chini. Binti yake, anayeishi naye pale nyumbani tangu mama yake afariki, alikuja kunigongea. Tulimshusha hospitali mjini kwa gari la jirani. Wakamwekea mpira wa mkojo, na mfuko wa kufunga mguuni. Alilia kwa nafuu, mzee mzima, nikageuka nikatazama ukuta.

Walitaka kumfanyia upasuaji, presha ikakataa kushuka, wakaahirisha. Wakaahirisha tena. Basi mpira ukakaa, ukawa wa kubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na mimi ndiye nikawa nampeleka. Hapo ndipo likaja lile koti.

Nesi aliyekuwa anambadilishia alikuwa binti mdogo, mkali, na alimpenda. Maneno yao niliyasikia mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya pazia.

"Baba, mfuko ukae chini ya kiuno muda wote. Usiuache ujae. Ukifika nusu, mwaga. Unawe mikono kabla na baada."

"Sawa, mama."

"Na maji unakunywa?"

"Nakunywa."

"Baba, usinidanganye. Mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Maji ndiyo yanayosafisha huo mpira. Usipokunywa utaziba, utapata maambukizi, utarudi hapa umebebwa."

"Na nikiwa na safari?"

"Hasa ukiwa na safari."

"Binti yangu, wewe hujawahi kupeleka posa."

"Na wewe hujawahi kuziba figo. Kunywa maji."

Yule nesi alijua asemalo. Mzee naye alijua asemalo, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi usio na mwisho. Nesi alizungumza kuhusu mwili, yeye alizungumza kuhusu watu.

Mfuko aliuita mgeni. Kupanda pikipiki alipanda kutoka kwenye jiwe, taratibu, mkono mmoja umeshika paja la suruali ili ule mpira usivutwe. "Endesha polepole, dereva. Leo nimebeba mgeni." Nikikanyaga shimo aliguna, halafu ananipiga begani, "Mgeni amelalamika." Tukifika sheli, kwenye kituo cha mafuta kilicho kabla ya kuingia mjini, alisema, "Simama, nimsindikize mgeni." Aliingia chooni na kopo dogo la mafuta ya kujipaka, ndani yake kipande cha sabuni. Akitoka mikono inanukia. Pale alikuwa mtu mwingine, maana sheli hakuna anayemjua. Akikutana na mtu wa kwetu pale alirudi palepale kwenye uongo wake: "Nimemsalimia mtu hapa."

Nisimpambe. Alikuwa mkali na alikuwa na majivuno yake. Mara moja binti yake alifua mfuko wa akiba, akauanika kwenye kamba pamoja na nguo. Mzee alitoka akauona, akaunyakua mbele yetu kama mtu anayenyakua nyoka, akamfokea mwanawe mpaka majirani wakatoka. Tangu siku ile mfuko ulikaukia ndani, chini ya kanga. Binti akaniambia jikoni, "Anaozesha dunia nzima, mimi hataki nimwanikie mfuko wake." Mimi kwa kawaida hukosa la kujibu, na Mshenga alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Nilipompata Nemburis, binti wa Kisongo aliyekuwa analeta maziwa Kijenge, mtu wa kwanza kumweleza alikuwa Mshenga. Nilimweleza nikiwa naendesha, ili asinione uso. Tulipofika kwake akashuka, akanitazama.

"Wewe hata nauli unashindwa kumdai mtu. Utamwambia nini mke?"

"Ndiyo maana nakuomba wewe, mzee."

"Mimi nitasema siku moja. Zilizobaki utasema wewe."

Lakini nilimwona amefurahi. Akaniambia neno ambalo alipenda kulisema: "Anayeoa ana mshenga. Mshenga hana mshenga." Wakati ule nililichukua kama mzaha.

Sharti moja la kazi yake lazima nilieleze, maana kila kitu kilishikwa na hilo. Kwetu, na hata kwa wenzetu wa upande wa Kisongo, mshenga akishakaa na kutoa neno la kwanza, hainuki kwenye kiti mpaka apewe jibu. Akiinuka, maana yake upande wake umeondoa maneno. Wazee huchukua fimbo zao na mambo yameisha, na kurudi tena ni aibu. Alikuwa akisimulia habari za mshenga mmoja wa siku hizi aliyetoka nje kupokea simu. Aliporudi alikuta viti vitupu. "Mshenga ni figa," alisema. "Ukiliondoa chungu kikiwa motoni, wote mnalala njaa."

Siku ya kwenda Kisongo tulikodi gari, Noah. Baba Mkubwa alikaa mbele, kama kiongozi wa msafara. Shangazi na wazee wawili walikaa katikati. Mshenga akasukumwa nyuma pamoja na mimi na mikungu ya ndizi. Alikuwa amefunga mdomo, midomo imekauka, nikajua hajanywa kitu tangu jana. Tulichelewa kutoka kwa sababu ya Shangazi na kitenge chake, halafu mjini foleni ikatukamata. Tulipovuka mji nikahisi goti lake linagusa langu. Akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Dereva, simama hapo sheli, nimsalimie mtu."

Baba Mkubwa hakugeuka hata kichwa. "Leo hakuna kusalimia watu, Mshenga! Wazee wa watu wanasubiri. Utamsalimia tukirudi."

Watu walicheka. Mshenga na salamu zake! Mimi nikasema, "Baba Mkubwa, tusimame kidogo tu."

"Wewe unaoa au unasalimia?" Wakacheka tena, na sheli ikapita dirishani.

Nilimtazama Mshenga. Neno lilikuwa ni moja tu, choo. Angelitoa, gari lingesimama. Alitazama nje, kwenye mashamba na vumbi la kule karibu na uwanja wa ndege, kama mtu ambaye kweli amekosa kumsalimia rafiki.

Tulipofika hakupata nafasi. Wazee walikuwa wamesimama getini, wakatuingiza moja kwa moja ndani. Mimi kama muoaji nilibaki barazani kwenye benchi, kichwa chini, kama inavyotakiwa. Mlango ulikuwa wazi. Kutoka pale nilikuwa naona kiti cha Mshenga kuanzia magotini kwenda chini, pindo la koti, suruali na kiatu. Sauti zote nilikuwa nazisikia.

Bibi yake Nemburis, ambaye wao wanamwita Koko, alileta maziwa kwenye kibuyu, halafu chai. Mgeni asiyekunywa hajaja. Mshenga akanywa. Koko akaongeza, akanywa. Kisha akatoa neno lake la kwanza, kwamba ng'ombe wetu wako nyumbani wanakula, na wakacheka kama watu wanavyocheka kila mahali. Ndipo baba yake Nemburis akasema jibu linamtaka kaka yake mkubwa, ambaye yuko njiani anakuja na ng'ombe wake. Tusubiri.

Tukasubiri. Kivuli cha nyumba kilitambaa mpaka kikanifikia miguuni. Mle ndani walizungumza habari za mvua na bei ya mahindi, wazee wetu wakatoka kwa zamu kunyoosha miguu na kwenda uani. Mmoja tu hakutoka. Nilitazama ule mguu. Suruali ilikuwa imevimba chini ya goti kama mtu aliyeficha boga. Kiatu kikaanza kutetemeka, kidogo, kikaacha, kikaanza tena.

Yule kaka mkubwa alipofika aliketi na kuanza utani, kwa lile "ero" lao la kuitana.

"Ero, tumesikia kijana wenu ni bubu."

"Si bubu," alisema Mshenga, na sauti haikuwa na tatizo lolote. "Ni dereva wa bodaboda asiyepiga kelele. Mkipata mwingine Arusha nzima, mpeni yeye binti, sisi tutarudi na ndizi zetu."

Nyumba nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka kule barazani, na nikiwa nacheka niliona pindo la suruali limekuwa jeusi. Doa likashuka kwenye soksi. Halafu sakafu ya saruji chini ya kiti ikang'aa. Wale waliokaa karibu naye waliona, na pua zao zilijua. Kicheko kikapungua. Kijana mmoja wa nyumba ile alimnong'oneza mwenzake. Baba yake Nemburis akamtazama yule kijana mara moja tu, kijana akanyamaza.

Mshenga alikuwa anazungumza. Alikuwa anaeleza habari za baba yangu marehemu, kwamba alikuwa mtu asiyehamisha mpaka wa shamba. Hakuharakisha hata neno moja.

Yule mzee mkubwa akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti tumewapa."

Ndipo Mshenga akainuka. Alitembea mpaka mlangoni, na kila hatua ya mguu wa kushoto iliacha alama ya maji. Alipopita mbele yangu alisema polepole, "Sasa choo kiko wapi?" Nilimshika mkono nikampeleka. Kule nyuma ya nyumba aliniegemea, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Kurudi, Baba Mkubwa alimwambia dereva afungue vioo vyote. Kulikuwa na baridi. Kutoka Kisongo mpaka kwetu Shangazi aliziba pua na kitenge chake kipya.

Homa ilimpanda usiku uleule, akalazwa. Nesi alikuwa zamu nilipokwenda kumwona. Hakumfokea. Alimimina maji, akamwinua kichwa, akamnywesha kama mtoto. Mzee alinikonyeza akiwa juu ya mto. "Tumepewa," aliniambia. Ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Posa ni mwanzo. Baada yake kuna kupeleka ng'ombe, halafu harusi, na mshenga ni yuleyule mpaka mwisho. Siku ya harusi huitwa mbele ya watu na kuvishwa blanketi, vigelegele vinapigwa, naye huketi nalo begani kama mmoja wa wakwe. Hayo ndiyo tuliyokaa kuyapanga kwenye kikao kilichofuata, nyumbani kwa Baba Mkubwa.

"Nimeshazungumza na mwalimu mstaafu wa kule chini," alisema Baba Mkubwa. "Ana suti, ana sauti. Atatupeleka."

Nikauliza, "Na Mshenga?"

"Mtu mwenye mfuko wa mkojo hawezi kutangulia mbele ya wazee. Angesema mapema tungejua."

"Alisema asimamishiwe."

"Alisema anamsalimia mtu!"

Shangazi akasema, "Ametuaibisha. Sakafu ya watu!"

"Jibu tumepata," nikasema.

"Tumepata kwa sababu wale watu wana heshima zao, si kwa sababu yake." Baba Mkubwa akaweka kikombe chini. "Na wewe nyamaza. Anayeoa haongei. Ndiyo maana anatafutiwa mshenga."

Mama yangu, aliyeombwa na mdomo wa yule mzee, alitazama mikono yake. Mke wa Baba Mkubwa aliingia jikoni. Hapo nikaelewa lile neno lake. Mshenga hana mshenga.

Harusi ilikuwa nzuri, kila mtu anasema. MC alimwita mwalimu mstaafu, akavishwa blanketi jekundu, akalipungia mkono kundi lililomshangilia. Kwa Mshenga walipeleka nyama kwenye hotipoti. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata ukikosa utatia ndizi mbili au chumvi. Hotipoti ilirudi kesho yake, imeoshwa vizuri, haina kitu.

Upande wa Kisongo hawakuelewa. Baba mkwe wangu alinivuta pembeni palepale ukumbini. "Yule mzee aliyekaa mpaka mwisho yuko wapi?" Nikamwambia anaumwa. "Mimi siku ile ningekuwa yeye ningeinuka kwenye kiti," akasema, na akaondoka kwenda kwa wageni wake.

Nilichelewa kwenda kumwona, maana nilitaka niende na kitu. Nilinunua blanketi mjini, jekundu kama lile, nikapanda nalo kwake mchana, ukungu umeshuka kwenye kahawa. Nilimkuta nyuma ya nyumba amekaa kwenye kigoda. Sikumtambua haraka kwa sababu hakuwa na koti. Alivaa kaptura. Mfuko ulikuwa umefungwa mguuni waziwazi, kila apitaye anauona, na kwenye kamba ya nguo mfuko mwingine ulikuwa unaning'inia peupe, kama soksi. Koti la kijivu lilikuwa limetandazwa juu ya banda la kuku kuzuia mvua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kusalimia, au umekuja choo?"

Nikacheka, naye akacheka, lakini chake kiliisha mapema. Nikamwekea blanketi mapajani. Akalipapasa bila kulikunjua.

"La nini hili?"

"La mshenga."

"La mshenga hutolewa watu wakiwa wamekaa, mama yako anapiga kigelegele. Hili umelileta umelikunja ndani ya mfuko wa rambo." Akanirudishia. "Mimi nimebeba vya kuficha miaka mingi, dereva. Usiniongezee kingine. Mpe mkeo, ametoka kwenye jua la Kisongo, huku kwetu atapata kifua."

Nilisimama na blanketi langu. Nikatafuta neno, nikapata moja.

"Baba mkwe anakuulizia. Anataka uende ule kwake. Nitakupeleka mimi, polepole. Tutasimama kila sheli."

"Wakikuuliza mnasimama kwa nini utasemaje?"

"Nitasema mzee anaomba choo."

Alinitazama kwa makini, kama siku ile nilipomweleza habari za Nemburis. Kwa muda kidogo nilidhani ataita binti yake amletee suruali.

"Umejifunza kuongea," alisema. "Na Baba Mkubwa wako, anajua umekuja?"

Nikatazama blanketi mikononi mwangu.

"Basi. Mshenga hatumwi na wakwe. Hutumwa na watu wake."

Pembeni ya kigoda palikuwa na jagi na kikombe cha bati. Akamimina maji, akanywa kikombe chote bila kupumzika, akamimina tena, akanywa. Maji yalimtiririka kidevuni, hakufuta. Midomo yake ilikuwa imepona, haina mpasuko hata mmoja.

"Mwambie yule nesi ameshinda," alisema. "Nakunywa jagi zima na halinitoshi. Mtu asiye na safari, akauke ili iweje?"

Akageukia kuku wake. Nililifunga blanketi kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki, pale alipokuwa anakaa yeye, nikaanza kushuka. Niliendesha polepole kwa mazoea, nikikwepa shimo moja baada ya jingine mpaka chini barabarani, na mgeni hakuwepo.